Mtandao Usiolala na Ghala Tupu

Ndugu msomaji, katika mikutano ya maendeleo siku hizi kuna neno linalopendwa kupita kiasi, nalo ni "daima". Intaneti ya daima. Intaneti isiyo na waya, inayoshuka kutoka angani usiku na mchana, ikamfikia mkulima wa Bukirasazi sawasawa na inavyomfikia mwanachuo wa Paris. Tangu Septemba 2024, Starlink ilipoanza kutoa huduma Burundi, neno hilo limepata wahubiri wapya. Wanatuambia kwamba maktaba ni mzigo wa kizamani, kwamba kutunza nakala za vitabu ni kupoteza fedha, kwamba mtafiti aliye kilimani atalingana na mtafiti aliye London kwa kuwa wote wawili watateka maji katika kisima kimoja. Nimeusikia wimbo huu mara nyingi hata ninautambua kwa mstari wake wa kwanza, na leo nataka kuupinga.

Simpingi anayetaka intaneti. Muuguzi wa kituo cha afya anaihitaji, mfanyabiashara wa maharage anaihitaji, nami mwalimu wa lugha naihitaji kuliko wengi. Ninachokipinga ni hoja moja mahususi, kwamba tukishaunganishwa daima hatutakuwa na haja ya kuweka kitu chochote kwetu. Mimi nashikilia kinyume chake. Kadiri mtandao unavyozidi kutufikia, ndivyo inavyotupasa kuwa na ghala letu wenyewe la maarifa, shuleni na kilimani, mahali ambapo mtoto atafungua kitabu, kamusi, ramani na Katiba hata siku ambayo anga limenyamaza. Na anga hunyamaza, msomaji, tena si mara moja.

Tuanze na giza la kawaida. Bukirasazi iko katika mkoa wa Gitega, si mbali na mji ambao tangu 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi. Katika Burundi nzima, takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme, na idadi ya wanaotumia intaneti haiko mbali na hapo. Vijijini hali ni ngumu zaidi. Sasa, dishi la kupokea mawimbi ya setilaiti hula wati hamsini, sabini, wakati mwingine hata mia, muda wote linapowaka. Simu ya mkulima huchajiwa kwa malipo kwenye kibanda chenye kipande cha sola, kisha huzimwa usiku ili chaji ifike kesho. Kwa mtu huyo kitu pekee cha daima ni jua, nalo huzama saa kumi na mbili. Minara ya simu isiyofikiwa na gridi huendeshwa kwa jenereta, na aliyeishi Burundi miaka hii hahitaji kukumbushwa foleni za mafuta. Ni kweli kwamba katika mkoa wetu huu huu, pale Mubuga, uko mtambo wa umeme wa jua wa megawati 7.5 unaofanya kazi tangu 2021. Ni kazi njema na ninaisifu. Lakini nyaya za umeme zinaweza kupita juu ya paa la shule miaka na miaka bila taa moja kuwaka chini yake, na wahubiri wa "daima" hawapendi kuizungumzia hatua hiyo ya mwisho, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye meza ya mwanafunzi.

Basi tuchukulie kwamba umeme upo. Swali linalofuata ni la uraia: nani ameshika swichi?

Mwishoni mwa Aprili 2015, wakati wa maandamano ya Bujumbura, WhatsApp, Facebook na Twitter zilifungwa katika simu za Warundi. Tarehe 20 Mei 2020, siku ya kupiga kura, mitandao ya kijamii ikafungwa tena. Uganda ilizima intaneti karibu yote mkesha wa uchaguzi wa Januari 2021 na kuirudisha baada ya siku tano hivi. Jirani zetu wa ng'ambo ya Kobero, Watanzania, walizimiwa mtandao siku ya uchaguzi wao, 29 Oktoba 2025, wakakaa siku kadhaa bila huduma. Sikuyaandika haya ili kuhukumu uchaguzi wa nchi yoyote. Nimeyaandika kwa sababu yanaonyesha jambo moja la wazi: saa ambayo raia anahitaji zaidi kusoma sheria inasema nini, tume ya uchaguzi ina mamlaka gani, Katiba imempa haki gani, ndiyo hiyo hiyo saa ambayo chombo cha kusomea kina uwezekano mkubwa wa kufungwa. Katiba ya Burundi ya 2018 si siri. Ni maandishi ya hadharani. Lakini ikiwa nakala yake ipo mawinguni tu, basi siku ya kuzimwa kwa mtandao inageuka kuwa siri, bila mtu yeyote kuipiga marufuku.

Hapo wahubiri hunijibu haraka kwamba ndiyo maana setilaiti ni bora: haina waya wa kukatwa. Haina waya, nakubali, lakini ina mwenyewe. Kampuni hiyo hufanya kazi kwa leseni ya kila nchi, na leseni ni kamba yenye ncha mbili. Aprili 2024, watu wa Zimbabwe waliokuwa wakitumia vifaa vya Starlink kabla ya kampuni kupata leseni huko walikatiwa huduma. Novemba 2024, kampuni iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Kumbe hata anga lina foleni. Na tarehe 24 Julai 2025, programu za ndani za kampuni zilipata hitilafu, huduma ikapotea sehemu nyingi za dunia kwa takriban saa mbili na nusu, pasipo vita wala uchaguzi wala mvua. Wenye kutegemea mikongo ya baharini nao wana kumbukumbu yao: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, na Afrika Mashariki ikapungukiwa na mtandao, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Sisi hatuna bahari. Kila neno tunalolitafuta nje linapita katika nchi ya mtu mwingine au katika chombo cha angani cha mtu mwingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga, nao hawakuwa wakizungumzia intaneti.

Nije sasa kwenye utafiti, kwa maana hapa ndipo hoja ya wahubiri inapovutia zaidi, na hapa ndipo inapopotosha zaidi. Mfikirie mwanafunzi wa kilimo anayetaka kujua kwa nini mihogo ya kwao inaoza kwa ndani ilhali majani yake yanaonekana mazima. Huo huenda ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, nao umeandikwa mengi. Je, akiwekewa dishi juu ya paa atayasoma hayo mengi? Kwa sehemu kubwa, hapana. Majarida mengi ya kisayansi yamefungwa nyuma ya malipo, na bei ya makala moja inaweza kuzidi anachopata kibarua kwa siku nyingi za kulima. Ni kweli ipo njia ya halali kwa nchi kama yetu. Mpango wa HINARI ulianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 kwa majarida ya tiba, ukafuatiwa na AGORA wa FAO mwaka 2003 kwa majarida ya kilimo, na leo yote imo ndani ya Research4Life. Burundi imo katika kundi la nchi zisizolipa. Lakini soma masharti, msomaji: mlango hufunguliwa kwa taasisi iliyosajiliwa, yaani chuo, hospitali, kituo cha utafiti au ofisi ya umma. Haufunguliwi kwa mtu mmoja mmoja aliye nyumbani kwake na ishara nzuri ya mtandao. Mwalimu wa Bukirasazi anaweza kuwa na intaneti yenye kasi kuliko ya chuo kikuu na bado akabaki nje ya mlango. Kinachomkosesha kusoma ni kutokuwa na taasisi ya umma iliyo karibu naye, yenye jina lake katika orodha, yenye mtu wa kushusha makala na kuzihifadhi mahali anapoweza kuzifikia.

Kisha yapo yaliyotoka kwetu. Makumbusho ya Tervuren, nchini Ubelgiji, yanatunza ramani, sauti na nyaraka zilizokusanywa Kongo, Rwanda na Burundi tangu enzi za ukoloni. Gitega nayo ina Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955. Mwahubiri wa "daima" huona mafanikio makubwa katika kijana wa Gitega kuweza kusikiliza inanga ya mababu zake kupitia kompyuta iliyoko Ulaya. Mimi naona nusu ya mafanikio. Kusikilizishwa kilicho chako kwa hisani ya mtandao ni jambo moja, na kuwa na nakala yake kabatini ni jambo jingine. Taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, ISABU, ipo tangu 1962. Watafiti wake na wageni wao wamepima udongo, wamehesabu mbegu, wamewahoji wakulima wa vilima vingi. Mtandao usiolala utaongeza kasi ya kuchukua takwimu hizo: hojaji zitajazwa kwa simu, picha za mashamba zitapigwa kutoka angani, na mtafiti hatahitaji hata kulala usiku mmoja kilimani. Nauliza tu, je, utaongeza pia kasi ya kurudisha matokeo? Kilima kinachohojiwa kila mwaka na kisichobaki na hata ukurasa mmoja wa majibu, hicho kimegeuzwa shamba la watu wengine.

Kuna jambo la kila siku ambalo wataalamu hulipita bila kuliona, nalo ni bando. Katika ukanda wetu watu wengi hawanunui intaneti yote. Hununua kifurushi kidogo cha mtandao wa kijamii, kwa kuwa ndicho wanachokimudu. Mtu anapokea kichwa cha habari katika kundi la WhatsApp, chenye kutisha, chenye alama tatu za mshangao, na kiungo chini yake. Kiungo hakifunguki, kwa kuwa kifurushi hakikifikii. Anabaki na kichwa cha habari na hofu. Huyo ameunganishwa, tena daima, wala hajapata uwezo wa kuhakikisha lolote. Ongeza juu yake suala la lugha: mtoto wa Kirundi husoma kwa Kirundi miaka minne ya mwanzo, kisha kuanzia mwaka wa tano masomo hugeuka kuwa ya Kifaransa, huku Kiingereza na Kiswahili vikifundishwa pembeni. Bahari ya maandishi anayofunguliwa ni ya Kiingereza kwa wingi. Kumpa mtoto huyu mtandao bila kamusi, bila vitabu vilivyochaguliwa kwa kiwango chake na bila mwalimu aliyeviandaa, ni kama kumpeleka ziwani bila mtumbwi ukamwambia samaki ni wake.

Ninalolitetea si ndoto. Limeshafanywa, tena kwa njia mbalimbali, nasi tumeliacha pembeni kwa sababu halikung'aa vya kutosha.

Miaka ya 2000, Cliff Missen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa walianza kunakili maelfu ya tovuti kwa ruhusa ya wenyewe, wakaziweka katika seva zinazofungwa ndani ya vyuo vya Afrika na kusomwa bila intaneti. Waliiita kazi yao eGranary, ghala la nafaka la kielektroniki. Sisi tungeweza kuwapa jina bila kufikiri sana, kwa maana kila mzee wa Bukirasazi anajua ikigega ni nini na kwa nini hujengwa kabla ya njaa. Tangu 2007 iko programu ya bure iitwayo Kiwix, inayowezesha kushusha Wikipedia na vitabu vingi na kuvisoma bila mtandao. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, yote inaenea katika kadi ya kumbukumbu ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Na kuhusu ile mihogo, iko programu ya simu inayoitwa Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na FAO na watafiti wa IITA. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani, na simu inamwambia kwa Kiswahili kama inaona batobato au michirizi ya kahawia. Hufanya hivyo ndani ya simu yenyewe, shambani, pasipo mtandao. Waliobuni Nuru walijua wanamtengenezea nani. Hawakumtaka mkulima asubiri mnara uwake ndipo ajue mihogo yake ina nini.

Na Muyinga ipo maktaba. Ilikamilika mwaka 2012, ikasanifiwa na BC Architects wa Ubelgiji kwa kushirikiana na watu wa hapo, iwe sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi. Matofali yake ni ya udongo wa Muyinga ulioshindiliwa, vigae vyake vilichomwa karibu, ina ukumbi mrefu wenye kivuli kama baraza, na ndani watoto wana wavu mkubwa wa kamba za katani wa kujilaza wakisoma. Majarida ya usanifu ya dunia yaliisifu kwa kuta zake. Mimi naisifu kwa wazo lake: kwamba maarifa yanastahili nyumba, na nyumba hiyo inaweza kujengwa kwa udongo wa pale pale. Chumba kama hicho, chenye rafu za vitabu, bamba moja la sola, betri, na kisanduku cha seva kinachorusha waifai hadi uani, kingewahudumia watu wa kilima kizima. Mtandao ukiwepo, kisanduku kinajazwa upya usiku. Usipokuwepo, watu wanasoma.

Nitapingwa kwa hoja mbili, na ya pili ni nzito. Ya kwanza husema kwamba nakala huchakaa, na kilichohifadhiwa mwaka jana hakijui ya mwaka huu. Ni kweli kwa bei za soko na kwa habari. Si kweli kwa jiometri, kwa sarufi, kwa ramani ya mito, kwa namna ya kutibu maji ya kunywa, wala kwa sheria ambayo haijabadilishwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na mwanafunzi mwenye toleo hilo bado anashinda asiye na lolote.

Hoja ya pili huuliza ni nani atakayelijaza ghala. Anayechagua vitabu ndiye anayechagua mawazo, na seva iliyofungwa shuleni inaweza kuwa ukuta badala ya dirisha. Sina jibu jepesi hapa, na simwamini anayesema analo. Ninasema tu kwamba orodha ya yaliyomo ibandikwe mlangoni ili kila mzazi aione. Kwamba uchaguzi ufanywe na kamati yenye walimu, wazazi na wanafunzi wenyewe, si na ofisi moja wala na mfadhili mmoja. Na kwamba mtandao, siku unapowaka, uwe kipimo cha ghala, watu walinganishe kilichomo na kilichoachwa. Hapo ndipo intaneti ya daima itakapokuwa na kazi ya maana. Ghala bila mtandao linaweza kugeuka gereza. Mtandao bila ghala unamwacha mtu katika rehema ya swichi. Nataka vyote viwili, ila kwa mpangilio: ghala kwanza, kwa kuwa ndilo ambalo hakuna kampuni itakayokuja kutuuzia.

Maana tusidanganyane kuhusu fedha. Dishi lina muuzaji, lina tangazo, lina mtu wa kupiga picha siku ya uzinduzi. Kisanduku cha nakala kina nini? Kina mwalimu mmoja mchovu anayepaswa kulipwa posho ya kukitunza, kufuta vumbi, kubadilisha betri na kumwonyesha mama aliyekuja kuuliza kuhusu chanjo ya mtoto mahali pa kubonyeza. Bajeti ya tarafa hupenda kununua vitu na huchukia kulipa watu. Vituo vingi vya kompyuta tulivyoviona vikizinduliwa kwa utepe katika nchi zetu havikufa kwa kukosa mawimbi. Vilikufa kwa kukosa mtu huyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mjumbe wa kampuni au wa mradi atakapokuja kilimani kwenu na kisanduku chake kizuri, mkaribishe, mpe kiti, kisha muulize. Umeme wa kukiwasha utatoka wapi, na utalipwa na nani baada ya mwaka wa kwanza? Kifaa kitakuwa mali ya shule au ya mtu? Ni maandishi gani yatakayobaki hapa kwetu mkataba ukiisha, na yapo katika lugha zipi? Takwimu zitakazochukuliwa kwetu zitarudi lini, na zitahifadhiwa wapi? Mwandikie mjumbe wako wa baraza la tarafa majibu uliyoyapata, kwa mkono, yenye tarehe. Na kabla mgeni hajafunga mkoba wake, mwombe akizime kifaa chake kwa dakika kumi mbele ya watoto, halafu mwalimu wa mwaka wa sita aombwe kuwaonyesha ramani ya Burundi.